Mkungu wa Mjomba Gamaliel

Majirani wa Ijuganyondo walikuwa wakisema kwamba Edvina anaweza kuazima majani ya chai, akayapika, kisha akayarudisha kwa mwenyewe. Huo ulikuwa utani, na jirani asiye na utani ana jambo baya zaidi. Lakini hata utani una mzizi wake. Mche wa sabuni Edvina aliukata kwa uzi, vipande vyembamba, akavianika juani vikawa vigumu ili visiishe upesi majini. Maharage aliyaloweka tangu jana yake yasije yakamaliza kuni. Ndizi alizimenya ganda jembamba mpaka mbuzi wakawa kama wamemnunia. Sukari aliiweka ndani ya kopo ambalo mfuniko wake uligoma kufunguka kwa yeyote asiyejua mahali pa kubonyeza, na aliyejua ni yeye peke yake.

Si kwamba alizaliwa bahili. Aliolewa na omusika, na hilo linatosha. Omusika ni mrithi, yule mtoto wa kiume anayeachiwa nyumba ya baba, kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka, na makaburi yaliyomo. Ukisikia mtu amerithi kibanja Bukoba, usimwonee wivu kabla hujauliza amerithi pamoja na nani. Avit, mume wa Edvina, alirithi pamoja na mama yake, Ma Ephrasia, aliyekaa chumba cha mbele na kuona kila aingiaye. Alirithi dada zake waliokuja na mabegi kila walipogombana na waume zao. Alirithi michango ya ukoo, harusi za watoto wa shangazi na wageni wa kutoka Dar waliofika kusalimia migomba na kuondoka wamebeba mikungu. Mwenyewe aliuza misumari na rangi katika duka la mtu mjini, na mshahara wake ulikuwa ukifika nyumbani umekwisha kuchoka.

Kwa hiyo hazina ya nyumba ile ilikuwa kibanja, na mtunza hazina alikuwa Edvina. Wengine hupanga matumizi kwa shilingi, yeye aliyapanga kwa mikungu. Kila Jumamosi asubuhi alipita katikati ya migomba, panga kwapani, shingo juu, akijua upi utakomaa lini na upi unadanganya kwa ukubwa. Kisha alichukua kamba ya mgomba, ile ya gome kavu, akaifunga kwenye kikonyo cha mkungu: mafundo mawili na mkia mrefu unaoning'inia. Mkungu wenye kamba una mwenyewe. Huu wa chakula cha shule cha binti yao Evelyne, huu wa chumvi na mafuta, huu wa zaka, huu wa mgeni ambaye bado hajaja lakini atakuja tu. Usiofungwa uliliwa. Nyumba nzima ilijua sheria hiyo, na hata Ma Ephrasia hakuthubutu kuukata wenye kamba bila kwanza kusema neno.

Fundo lile Edvina alifundishwa na mama yake, Ma Gaudensia, huko Kamachumu, wilayani Muleba. Na mkungu mmoja, kila msimu, aliufunga kwa ajili ya mama huyo.

Muleba si ng'ambo. Ukipanda gari asubuhi pale stendi, mchana umekwisha kufika na kunywa chai. Lakini Edvina hakuwa amekanyaga kwao kwa miaka, na sababu yake ilikuwa moja ambayo mtu wa huko haombi aelezwe. Binti aliyeolewa haendi kwa mama yake akipunga mikono. Anakwenda na mkungu kichwani, nyama kwenye kifurushi, sukari, sabuni, na kitenge kama Mungu amefungua. Majirani wa mama huangalia mikono kwanza, ndipo wapandishe macho usoni. Mkono mtupu haulambwi, na Edvina, aliyekuwa na kiburi cha watu wanaobana, alikuwa radhi asionekane kabisa kuliko kuonekana hana.

Tatizo ni kwamba kila mkungu wa mama yake ulifunguliwa kamba kabla ya safari. Mmoja uliliwa na shangazi wa Avit aliyetokea Karagwe bila taarifa. Mwingine uliuzwa upepo ulipong'oa bati la jikoni. Mwingine ulikwenda Evelyne alipofukuzwa shule kwa sababu ya viatu. Na kila mara Ma Ephrasia alisema neno lilelile, kwa upole uleule.

"Mama yako hakimbii, waitu. Utamkatia mwingine."

Ilikuwa kweli. Ma Gaudensia hakuwa akikimbia. Yaliyokuwa yakikimbia ni macho yake.

Alimwambia hayo kwa simu ya Annastella, mwalimu aliyeishi jirani yake. "Yameingia ukungu, mwana wange. Asubuhi bado naona. Jua likipanda, watu wote wanafanana. Njoo nikuone wakati bado naweza kukutofautisha na Annastella huyu." Akacheka, na Annastella naye akasikika akicheka kwa nyuma. Kisha mama akashusha sauti. "Njoo hata mikono mitupu."

"Nakuja, Mama," Edvina alisema. "Mkungu uko karibu."

Na kweli ulikuwa karibu. Ulikuwa nyuma ya jiko, mnene, umeinamisha mgomba wake mpaka ukaegemezwa mti. Edvina aliufunga kamba mwenyewe, na safari hii alipita kila jioni kuugusa. Hakuwa akiomba kitu kingine duniani. Alitaka mama yake auone uso wake mara moja zaidi, halafu ukungu uje ukipenda.

Wiki ile ile jumuiya ya kanisa ilitangaza kwamba sala ya Jumapili ingekuwa nyumbani kwa Avit. Jumuiya haiwezi kusali kwa omusika ikaondoka na maji ya kunywa. Ma Ephrasia alizunguka jikoni, akautazama ule mkungu, akasema neno, kama sheria ilivyotaka.

"Huu."

Edvina alimwendea mumewe uani. "Baba Evelyne, ule ni wa mama yangu. Unajua."

Avit hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa mtu aliyezoea kusimama kati ya wanawake wawili akitazama paa. Alilitazama paa.

"Mwezi ujao, Mama Evelyne," alisema. "Mwezi ujao lazima."

Edvina aliukata mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akikata bila kuuumiza mgomba. Alikaa jikoni akaanza kuumenya, maganda membamba kama kawaida yake, na kifua kikambana hata akaona pumzi nayo inapimwa. Alijiona kama mbuzi aliyefungwa mahali penye majani mengi: anakula, haonewi, na kila siku anazunguka palepale. Alitaka kupiga kelele, na hakujua angepiga kelele ya nini, maana hakuna aliyemfanyia kosa lolote.

Hapo simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu ukimsihi anunue bando. Edvina aliiweka sikioni kama mtu anayesikiliza, akasimama, kisu kikaanguka.

"Mawe," alisema, kama Wahaya wanavyomlilia mama.

"Kuna nini?" aliuliza Ma Ephrasia mlangoni.

"Mjomba Gamaliel," alisema Edvina. "Amezama ziwani."

Hata yeye alishangaa jinsi maneno yalivyotoka yakiwa yamekwisha kuvaa nguo. Gamaliel alikuwa kaka pekee wa Ma Gaudensia. Alikwenda kuvua visiwani Edvina akiwa bado shule ya msingi, akaleta mara moja samaki wa chumvi, kisha kimya. Wapo waliosema ameoa hukohuko, wapo waliosema amevukia Uganda, na waliosema ziwa limemla walikuwa wengi zaidi. Hakukaliwa matanga, maana hakukuwa na mwili. Edvina alimchagua kama alivyochagua mkungu wa kuuza: ule ambao hakuna atakayeuulizia. Alijiambia kwamba huwezi kumuua mtu aliyekwisha kufa. Alitaka ruhusa tu, na nauli, na kitu cha kubeba. Angekwenda peke yake, angekaa na mama yake, angemnong'oneza, nao wangecheka.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini hawasemi jinsi inavyokuwa pana mwanzoni. Ma Ephrasia alifuta mikono kwenye khanga yake, akatoka uani, na mwanamke yule ambaye kwa miaka hakuweza kuachia mkungu mmoja kwa ajili ya mtu aliye hai, akaanza kunyoosha kidole.

"Kateni ule wa karibu na kaburi la mzee. Na ule wa kwenye mtaro. Na huo wa zaka, Mungu ataelewa. Jumuiya itasali kwa mwingine, sisi tumefiwa."

Kamba zote zilikatwa. Edvina alisimama akitazama mipango yake ya nusu mwaka ikishuka chini mkungu mmoja baada ya mwingine, na uchungu uliomshika haukuwa wa uongo hata chembe. Kumbe mikungu ilikuwepo. Siku zote ilikuwepo.

Kabla jua halijageuka akafika Penina, mama mwenye sauti nene aliyeongoza chama cha kuzikana cha mtaa. Alimkumbatia Edvina, akamkalisha, akamwambia chama kingekodi pikapu.

"Hakuna haja, Mama Penina," Edvina alisema. "Hakuna mwili. Hakuna maziko. Nitakwenda mwenyewe na basi."

"Mtu haendi msibani peke yake kama anayekwenda mnadani," Penina alisema. "Na mkwe asipofika, watasema nini Kamachumu? Avit ameshaomba ruhusa kazini. Chama kinatoa gari mara moja kwa mwaka kwa msiba wa upande wa ukweni. Zamu yako imefika, itumie. Ndiyo maana tunachanga."

Majirani wakaleta maharage, wakaleta mikungu yao, wakaleta dumu la lubisi, pombe ya ndizi. Wanawake ambao juzi walimtania kwa majani ya chai walimshika mabega na kumwambia pole, na kila pole ilizidi kumfungia mlango. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini Edvina alikuwa amevulia nguo dimbwi, akakuta ni ziwa.

Alikwenda nyuma ya choo akampigia Annastella. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena. Akaanza kuandika ujumbe, Mwambie Mama asiamini, akakumbuka kwamba mama hasomi, atakayesoma ni Annastella, na Annastella ni mwalimu, akisoma anasoma kwa sauti. Akafuta.

Waliondoka asubuhi. Edvina alikaa mbele pamoja na dereva, kama anavyokalishwa mfiwa, Avit na Penina na wanawake wengine wakiwa nyuma kati ya mikungu. Wakashika lami kwenda Muhutwe, wakapandisha kilima cha Kamachumu, na njia nzima Edvina alikuwa akipanga. Kupanga ndiyo kazi aliyoijua. Angeomba gari lisimame barabarani. Angesema anataka kuingia kwanza, amwandae mama taratibu. Angekimbia kile kijia, angemkuta mama uani akichambua maharage kama kawaida yake asubuhi, angemwinamia sikioni na kusema, Mama, ni uongo, niliutunga nije nikuone, lia kidogo tu halafu nitakueleza. Maneno hayo aliyarudia mpaka yakakaa sawa. Aliyapima hata pumzi.

Mtu huyu aliyeweza kukadiria chumvi ya mwezi mzima kwa kijiko alisahau jambo moja analolijua kila mtoto. Waombolezaji hawaanzii kulia mlangoni kwa mfiwa. Wanaanzia kwenye mpaka wa kibanja, kwa sauti, na wanamtaja marehemu kwa jina, ili msiba usiingie kwa mtu kimyakimya kama mwizi.

Gurudumu lilipokanyaga kijia, kabla Edvina hajafungua mlango, Penina alisimama nyuma ya pikapu akapaza sauti. "Gamaliel we, Gamaliel, umetuacha na nani." Wanawake wakapokea. Avit akavua kofia.

Edvina alikimbia. Alipita katikati ya migomba ya mama yake, michache kuliko alivyoikumbuka, maana ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umepita pale, na sauti zilikuwa zikikimbia mbele yake. Zilimkuta Ma Gaudensia uani kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani, akiyachambua kwa vidole badala ya macho. Edvina alipofika, mama alikuwa amekwisha kusimama. Maharage yalikuwa yamemwagika miguuni pake.

"Nani?" aliuliza, akiigeuzia uso ile sauti. "Wanasema nani?"

"Gamaliel we," kikajibu kilio.

"Mama," Edvina alisema. Alimshika mikono. "Mama, ni mimi. Sikiliza."

Mama yake hakumsikiliza. Alishuka chini polepole kama nyumba inayobomoka upande mmoja, akatoa sauti ambayo Edvina hakuwahi kuisikia kwake, hata baba yake alipokufa. Edvina alipiga magoti akamsogezea mdomo sikioni, akaanza kusema, na Penina akamvuta kwa nyuma, kwa huruma yote.

"Mwache alie. Usimzuie. Na wewe lia."

Yale macho aliyoyafuata kutoka Bukoba yakajaa maji, na siku ile nzima hayakuona kitu.

Kijiji kilikuja. Waliwasha moto uani, wakatandaza majani ya migomba, wakakaa. Kila Edvina aliposogea karibu na mama yake, alikuta mikono mingine imemshika, na kila alipofungua mdomo, mtu alimwambia pole. Avit alisalimiana na wazee wa Kamachumu wakamsifu kwa kuwa mkwe wa namna ile, aliyekuja na gari zima la vyakula. Mikungu ilipangwa ukutani, mtu yeyote aione. Edvina aliitazama. Hiyo ndiyo safari aliyoiota kwa miaka, mikono iliyojaa, jina zuri, majirani wakinong'ona kwa heshima, na hakukuwa na shimo pale uani ambamo angeweza kujitupa.

Asubuhi ya pili yake, watu walipokuwa wakipika uji, Ma Gaudensia aliomba ashikwe mkono. "Nipeleke nyuma ya nyumba," alimwambia Edvina. Ulikuwa ndio muda wa kwanza wa kuwa peke yao.

Mama alitembea akigusa migomba kwa kiganja, mmoja mmoja, kama mtu anayesalimia. Akasimama kwenye ule wa mwisho, karibu na mpaka. Ulikuwa na mkungu mmoja, mzuri, uliokwisha kukomaa hata ndizi za juu zimeanza kugeuka rangi. Kwenye kikonyo palikuwa na kamba. Mafundo mawili, mkia mrefu.

"Wa nani huu, Mama?" Edvina aliuliza, ingawa mwili wake ulikuwa umekwisha kujua.

"Wake," mama alisema. "Siku anaondoka aliniambia huko visiwani watu wanakula ugali tu, akirudi atataka ndizi za nyumbani siku hiyohiyo, sio za kununua. Basi nikamfungia. Ukikomaa asipokuja, nawapa watu, nafunga mwingine. Mnyauko ulipoingia nikabaki na migomba ya kuhesabu, lakini wake haukukosekana."

"Hukuniambia."

"Ungesema nawanyima walio hai. Kila mtu alisema amekufa, na mimi sikubisha. Kubisha ni kelele. Nilifunga kamba yangu nikanyamaza." Alivuta pua. "Hata njaa ya mwaka ule sikuugusa. Nilijua anakuja. Sijui kwa nini nilijua."

Miaka yote Edvina alidhani mama yake alikwisha kumzika mjomba kimoyomoyo kama walivyomzika wengine. Kumbe yule mzee mwenye macho ya ukungu alikuwa ameweka akiba ya kitu kimoja tu, na binti yake ndiye aliyekuja kwa gari la kukodi kumnyang'anya.

"Mama," alisema. "Ile simu."

"Ndiyo. Nilitaka kukuuliza." Ma Gaudensia alimgeukia, akamtafuta uso pale sauti ilipotokea. "Aliyekupigia alimwona? Au wanasema tu, kama walivyosema siku zote? Niambie, mwana wange. Kama hakuna aliyemwona, huu mkungu sitaufungua."

Lilikuwa swali la kuokoka. Neno moja, hapana, lingetosha. Edvina alilishika mdomoni.

Kukawa na hatua kwenye majani makavu. Penina alitokea na panga, amekuja kukata majani ya kufunikia chungu. Akasimama kwa adabu kama mtu aliyekuta mazungumzo, lakini hakuondoka.

"Hata mimi sijaisikia vizuri habari hiyo," alisema. "Pale mtaani wataniuliza nikirudi. Alionekana mwili?"

Edvina aliiona pikapu akilini. Aliwaona majirani wakirudishiwa habari kwamba maharage yao yameliwa kwa uongo. Alimwona Evelyne akipita njiani na watu wakinyamaza, Avit akitazama paa, Ma Ephrasia akikaa chumba cha mbele bila kusema kitu, kwa miaka. Msiba wa uongo hausamehewi kule. Atakayefanya hivyo, siku akifiwa kweli atazika peke yake.

"Walimwona," alisema. "Wavuvi walimwokota. Wakamzika hukohuko kisiwani."

Ule uongo wa kwanza ulimtoka bila kuulizwa. Huu aliutoa mwenyewe, akijua bei yake na nani atailipa. Ma Gaudensia alitikisa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jibu la hesabu. Penina alifanya ishara ya msalaba, akakata majani yake, akaenda.

Mama alipapasa kikonyo mpaka akalipata fundo. Vidole vyake vilichukua muda. Alilifungua la kwanza, akalifungua la pili, akaikunja ile kamba na kuitia kwenye pindo la khanga yake.

"Basi kata," alisema. "Chukua wewe. Usirudi kwa mama mkwe wako mikono mitupu."

Walirudi Ijuganyondo siku iliyofuata. Ma Ephrasia aliupokea ule mkungu mlangoni, akaupima kwa mikono, akausifu. Ndizi za Kamachumu ni nzito, alisema, udongo wa kule una mafuta. Akasema tena kwamba Mungu akitaka, njia hufunguka, si unaona Edvina amefika kwao na kumwona mama yake. Kibanja kilikuwa kimebaki kitupu baada ya msiba, hakuna kilichokomaa, na nyumba ilikuwa na njaa. Edvina alikaa jikoni akamenya ndizi za mjomba Gamaliel, ganda jembamba. Alipika chache kila siku, akaongeza maharage, na kwa kubana zikafika Jumapili.

Baadaye Annastella alipiga simu. "Mama anataka kukusalimia," alisema, akampa.

Ma Gaudensia aliuliza habari za Evelyne, za Avit, za Ma Ephrasia. Sauti yake ilikuwa imelegea, kama mtu aliyetua mzigo na hajui tena mikono aiweke wapi. "Nilisahau jambo," alisema mwishoni. "Siku zile nililia mno, sikuuona uso wako. Nimekaa nauwaza, naona wa zamani tu, ule wa ubatizo wa Evelyne. Asubuhi bado naona kidogo. Njoo tena, mwana wange."

"Nakuja, Mama," Edvina alisema. "Mkungu uko karibu."

Haukuwa karibu. Jumamosi alipita na panga kwapani, akatazama juu, na uliokuwepo ulikuwa mmoja, mchanga, ua lake bado linaning'inia. Tangu arudi alikuwa na tabia ya kusikiliza pikipiki zinazopunguza mwendo barabarani. Alimwomba Mungu amrudishe Gamaliel, ashuke kwenye mashua hata akiwa na fimbo, aende Kamachumu na kuketi uani kwa dada yake. Na alipomaliza kuomba hivyo, alishikwa na hofu kwamba atasikilizwa. Akirudi yule mtu, Edvina amekwisha. Asiporudi, mama yake atakufa akimlilia mtu ambaye labda sasa hivi anatengeneza nyavu.

Alivuta kamba ya mgomba, akailainisha kwa mate, akafunga. Mafundo mawili, mkia mrefu.

"Huo wa nani?" aliuliza Ma Ephrasia kutoka dirisha la chumba cha mbele. "Wa mama yako?"

"Wa mgeni," alisema Edvina.

"Mgeni gani tena, waitu?"

Edvina aliuacha mkia wa kamba uning'inie, akaokota panga lake, akaenda kuloweka maharage ya kesho.